Mlango Uonekane

Aliyeandika mwongozo wa kufanyia kazi nyumbani hakuwa na mama, au kama alikuwa naye, basi mama huyo alikuwa mzima wa afya, anajipikia, anakwenda sokoni na kurudi, na majina ya wanawe anayakumbuka. Mtu mwenye mama kama wa mhariri wetu asingethubutu kuandika kwamba mtumishi wa Baraza la Mitihani anayeomba kubaki nyumbani athibitishe kuwa hakuna mtu anayehitaji uangalizi ndani ya nyumba wakati wa kazi. Jamani, ni nani basi anayeomba kubaki nyumbani? Wasio na wa kumwangalia wanapenda ofisini, kwenye chai na umbea.

Mhariri alilisoma sharti hilo akiwa amesimama jikoni, simu mkono mmoja, mwiko mkono mwingine, na mama yake mezani akivipanga vijiko kwa urefu kama wanafunzi kwenye mstari wa asubuhi. Akathibitisha. Ilikuwa kubonyeza tu. Kuanzia hapo hofu ikahamia nyumbani kwake na kujichagulia chumba.

Kazi yake ilikuwa kuhariri maswali ya mitihani ya shule za msingi kabla hayajapelekwa kuchapishwa. Zamani kazi hiyo ilifanyika ndani ya chumba kimoja chenye nondo madirishani, na mlinzi alikaa nje akikusanya simu kwenye beseni. Upande huo wa jengo ulipoanza kukarabatiwa, Baraza likakubali wahariri wafanye kazi nyumbani baadhi ya siku, kwa kompyuta za Baraza, wakionana kwa kamera. Ila kwa masharti. Mtumishi awe peke yake chumbani. Akae akiupa mlango mgongo. Mlango uwe umefungwa, na uonekane kwenye kamera kikao kizima, ili akiingia mtu, kila mmoja amwone. Atakayeondoka kitini maswali yakiwa wazi, maswali yote ya siku hiyo yanatupwa, na yeye anarudi ofisini moja kwa moja, akajieleze huko.

Mkuu wa kitengo, mama mmoja mwenye sauti ya kuamsha bweni zima, alifungua kila kikao kwa maneno yaleyale: "Milango, jamani!" Hapo kila mtu anasogea pembeni kidogo, mlango wake uonekane. Kwa hiyo wakamwita Bi Mlango. Yeye mwenyewe alijua, na nadhani alifurahi.

Kwa mhariri, kurudi ofisini hakukuwa suala la usumbufu wa safari. Binti aliyekuwa akimsaidia kumwangalia mama alikuwa ameondoka kwenda kuolewa. Waliokuja baada yake hawakukaa. Mmoja alisahihishwa lugha na mama kutwa nzima mpaka akafunga mzigo wake akilia. Siku ambazo mhariri alilazimika kwenda kazini, mama alibaki na jirani, na mara mbili alimtoroka. Mara zote mbili alikutwa kwenye lango la shule isiyomhusu hata kidogo, akiwafokea wanafunzi waliochelewa. Mara ya pili alikuwa amevuka barabara kuu yenye malori, peku.

Kaka yake mhariri, aliyeishi mji mwingine, alipopata habari hiyo alipiga simu. Kwa kushauri alikuwa hodari, kwa kuja kumwona mama alikuwa na udhuru.

"Ikitokea tena namchukua," alisema. "Wifi yako amesema kuna kile chumba cha nyuma. Kina kufuli."

"Kufuli ya nini, kaka?"

"Asipotee, dada. Si kwa nia mbaya."

Mhariri alikijua chumba hicho. Walikuwa wakiweka mbuzi wa sherehe humo. Usiku huo alijiapia kwamba mama yake hatafungiwa kufuli wakati yeye yu hai. Siku za kufanyia kazi nyumbani ndizo zilizokuwa kinga yake ya pekee. Zikiondoka, mama anakwenda kwenye kufuli.

Sasa mtu wa nje anaweza kudhani kwamba mhariri alifanya kazi akitazama maswali. Alitazama mlango. Kwenye kona ya kioo cha kompyuta kulikuwa na kipicha kidogo cha yeye mwenyewe, na nyuma ya bega lake mlango mweupe na kitasa chake cheusi. Macho yalisoma sarufi, moyo ulisoma kitasa. Alijifunza kujua kila mlio wa nyumba: slipa za mama zikitoka chumbani, bomba likifunguliwa, kabati likifungwa. Slipa zikikaribia, aliacha kusoma.

Siku moja kitasa kilishuka. Alikiona kwenye kipicha, polepole, kama mtu anayejaribu kuingia bila kuamsha mtoto. Mlango ukafunguka kidogo, ukaonekana mkono mwembamba na upindo wa kanga.

"Nani huyo?" Bi Mlango aliuliza.

"Fundi bomba!" mhariri akaropoka, akakisukuma kiti nyuma na kuurudisha mlango kwa mgongo wake bila hata kugeuka.

"Fundi anavaa kanga?"

Mwenzao mmoja, mwalimu wa hesabu waliyemwita Bwana Hesabu, akacheka kwa nguvu. Bi Mlango hakucheka.

"Mara ya kwanza ni bahati mbaya," alisema. "Mara ya pili tutaonana ofisini. Tuendelee."

Mhariri aliendelea. Hakuweza kufunga kwa ufunguo. Ikitokea hatari, atapoteza muda gani kutafuta tundu la ufunguo? Na kumfungia mama chumbani kwake, hilo ndilo alilolikataa kwa kaka yake.

Jibu lilikuwa kwenye droo, chini ya makaratasi ya ofisini. Lilikuwa bango la zamani la Baraza, maandishi makubwa mekundu: KIMYA. MTIHANI UNAENDELEA. Alilibandika upande wa nje wa mlango bila matumaini makubwa.

Lazima niseme mama huyu alikuwa nani. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu, hata wale ambao hakuwafundisha. Alikuwa amesimamia mitihani miaka na miaka, na katika chumba chake hapakusikika hata kikohozi. Kabla ya kugawa karatasi aliwaambia watahiniwa jambo moja tu: mwenye shida anyooshe mkono, afunge mdomo, asubiri mpaka aonwe. Mhariri mwenyewe aliwahi kufanya mtihani mbele yake. Puani damu ikamchuruzika mpaka kwenye kola, naye akanyoosha mkono kimya, akasubiri mama yake afike kutoka mwisho wa chumba. Hakuita "Mama." Nyumbani alisifiwa kwa hilo, akapewa soda.

Majina ya watoto yalikuwa yamemtoka Mwalimu. Kila jioni aliuliza mume wake, aliyekwisha kufariki, yuko wapi. Lakini aliposimama mbele ya bango lile alijinyoosha mgongo, akavua slipa ili zisipige kelele, akaenda kuchukua kiti cha mezani, akakiweka koridoni mbele ya mlango na kukaa kusimamia. Kikao kilipokwisha, mhariri alimkuta hapo, mikono mapajani, ameuchunga mlango kama mali ya serikali.

"Wamemaliza?" mama alinong'ona.

"Wamemaliza, Mama."

"Hakuna aliyeibia?"

"Hakuna."

"Mwaka huu wametulia," mama akasema, akaridhika kabisa.

Mhariri alikwenda bafuni akacheka mpaka akalia. Kwa mara ya kwanza baada ya kipindi kirefu alipata usingizi. Wiki zile zilikuwa nzuri. Asubuhi alifunga mtungi wa gesi, akabandika bango, mama akachukua kiti chake, na kitasa hakikushuka tena. Kwenye uwazi wa chini ya mlango, ukikitazama vizuri kipicha cha kamera, ulionekana weusi wa nyayo za mama. Weusi ule ukiwepo, mama yupo.

Kitu kimoja tu kilibadilika. Mama alianza, mara mojamoja, kusahau kwamba yeye ndiye msimamizi. Mezani, akitaka maji, alinyoosha mkono na kunyamaza. Mhariri aliona ni utani wa uzeeni, naye akautania vilevile. "Nimekuona, mtahiniwa. Una shida gani?" Hapo mama anashusha mkono na kusema anachotaka. Walicheka wote wawili, kila mmoja na sababu yake.

Kisha ikaja siku ya kikao kikubwa. Bi Mlango alikuwa ametangaza kwamba ukarabati unakwisha, na kwamba watakaoruhusiwa kubaki na siku za nyumbani ni wachache, wale ambao vikao vyao havina dosari. Mhariri aliamka alfajiri. Kompyuta nayo, kwa hiana yake, ikachagua asubuhi hiyo kugoma kuwaka. Akaibembeleza, akaitukana, akaichomoa na kuichomeka, chai ya mama ikiwa jikoni inachemka. Ilipowaka, kikao kilikuwa kinaanza. Akakimbia, akamimina chai, akabandika bango, akaketi akihema.

"Milango, jamani!"

Alisogea pembeni. Mlango ukaonekana. Chini yake, weusi wa nyayo za mama ulikuwepo. Akashusha pumzi.

Walikuwa wamefika katikati ya maswali ya sayansi alipojiuliza kama alifunga gesi.

Aliiona mikono yake ikimimina chai. Aliiona ikirudisha birika la maji juu ya jiko. Baada ya hapo hakuona kitu, ila bango na gundi yake. Alijaribu tena kuanzia mwanzo: chai, birika, halafu? Lazima alifunga. Anafunga kila siku, mkono unafunga wenyewe. Lakini mkono ule asubuhi hii ulikuwa unakimbilia kompyuta.

"Mhariri wa lugha, unasemaje kuhusu swali hili?"

"Ni sawa," alisema. Hakujua ni swali gani.

Akatazama kipicha. Chini ya mlango kulikuwa kweupe. Weusi wa nyayo haukuonekana: ama mama alikuwa amesogea, ama hakuwepo.

Alitega masikio. Bwana Hesabu alikuwa akieleza kwa nini mchoro wa jani haufai, kwa urefu, kama mtu anayelipwa kwa neno. Nyuma ya sauti yake nyumba ilikuwa kimya. Slipa hazikulia, na zingelia vipi wakati mama alizivua kila alipoliona bango? Yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha mama kutembea bila kusikika. Wazo hilo lilimtisha kuliko kimya chenyewe.

Kisha kikasikika kishindo cha bati jikoni, kitu kizito kikianguka na kubiringika, na maji yakimwagika.

Nyuso zote kwenye kioo zikainuka.

"Nini hicho?" Bi Mlango aliuliza.

"Jirani," mhariri alisema. Sauti ilitoka nyembamba, akaikohoa. "Jirani wa juu, ana watoto."

Mhariri alitabasamu, na tabasamu lile liliuma taya. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, nyayo zimekaza sakafu, tayari kuruka. Lakini akiruka, siku za nyumbani zimekwisha. Ataitwa kujieleza, wataona alichothibitisha, na jioni hiyohiyo atalazimika kumpigia kaka yake simu. Alikiona kile chumba cha nyuma. Akasubiri kusikia sauti. Ni mama mwenye nguvu za kufokea lango zima la shule. Akiumia atapiga kelele, na kelele ikisikika nitatoka, potelea mbali, alijiambia. Alijiwekea sharti hilo, akaling'ang'ania. Mtu akiumia hupiga kelele.

Hakuna aliyepiga kelele.

Badala yake, kwenye kipicha, weusi wa nyayo za mama ulirudi chini ya mlango. Mhariri aliuona ukitulia mahali pake pa kila siku. Nusura alie kwa furaha. Amekaa. Yupo. Birika limeanguka, basi, sakafu itapigwa deki. Mama wa watu amerudi kwenye usimamizi wake. Aliushika mpini wa kazi tena, akarekebisha swali moja la sayansi, na jingine, na Bi Mlango akasema, "Vizuri, hapo umeona mbali." Maneno hayo yalimpa joto. Akaanza hata kufikiri kwamba watamwacha abaki.

Maswali yalikwisha. Yakabaki maelekezo ya ukurasa wa kwanza, ambayo kila mwaka husomwa kwa sauti na kila mwaka hayabadilishwi hata nukta. Wengine walikuwa wameshaanza kupiga miayo. Bwana Hesabu ndiye aliyesoma, haraka haraka.

"Andika namba yako ya mtihani. Usikunje karatasi. Usizungumze wala kupiga kelele kwa sababu yoyote ile. Ukiwa na shida, nyoosha mkono kimya, usubiri mpaka msimamizi akuone."

"Kuna la kuongeza hapo?" Bi Mlango akauliza.

Mhariri alikuwa akiutazama weusi chini ya mlango, na sasa pembeni yake aliona kitu kingine, kitu kinachong'aa, maji yakipenya taratibu na kuingia chumbani.

Mtu akiumia hupiga kelele, ila kwenye chumba cha mtihani.

Alisimama. Kiti kilianguka nyuma yake.

"Mhariri! Maswali yako wazi! Kaa chini!"

Hatua mbili, tatu. Kitasa kilikuwa cha baridi, na vidole vyake vililoa jasho mpaka kikamteleza. Bi Mlango alikuwa akimwita kwa jina kamili la kwenye faili. Akakishika tena kitasa kwa mikono miwili na kuuvuta mlango, na kwa kuwa mwongozo ulitaka mlango uonekane, kitengo kizima kiliona.

Mama alikuwa ameketi kwenye kiti chake, mgongo umenyooka, akiuelekea mlango. Kanga ilikuwa imelowa toka kifuani hadi magotini, ikidondosha maji sakafuni. Mkono wa kulia alikuwa ameunyoosha juu. Ngozi yake, toka kiganjani mpaka karibu na kiwiko, ilikuwa nyekundu na imeanza kubambuka. Kiwiko kile alikishikilia kwa mkono wa kushoto, kama wanavyofanya watoto waliosubiri sana. Midomo aliibana mpaka ikawa myeupe. Machozi yalikuwa yakimtiririka na kudondoka kidevuni, na hakuna hata sauti moja iliyotoka naye.

"Mama," mhariri alisema. Akapiga magoti kwenye maji yaliyokwisha kupoa. "Mama, Mama yangu. Shusha mkono."

Mama hakushusha. Alimtazama kwa macho ya mtoto mwenye adabu, mkono ungali juu.

Kwenye kioo cha kompyuta, Bwana Hesabu alikuwa ameweka kiganja mdomoni. Kisha sauti ya Bi Mlango ikasikika, ndogo, si ile ya siku zote.

"Huyo ni nani?"

"Ni mama yangu," mhariri alisema bila kugeuka. "Ninaishi naye. Siku zote amekuwa hapa."

"Amekaa hapo nje kwa muda gani hivyo?"

Mhariri alifikiria yale maswali aliyorekebisha baada ya kishindo, na ile sifa, na lile joto. Alijaribu kuushika mkono wa mama auteremshe mwenyewe, lakini hapakuwa na pa kuushika. Mama akauinua zaidi, akizidi kubana midomo. Alikuwa bado anasubiri. Hapo ndipo mhariri alipokumbuka anachosubiri.

"Nimekuona," alisema. "Nimekuona, mtahiniwa. Nimekuona, Mama."

Mama alishusha mkono. Akaulaza mapajani polepole, akautazama kana kwamba ameletewa na mtu. Kisha akafungua mdomo, sasa kwa kuwa ameruhusiwa, akapiga yowe.